Beti ya Zamzamu

"Wamtaka alie, au wamtaka asilale?"

Hivyo ndivyo alivyowauliza wanawake waliomwendea kutaka wimbo, kwa upole ule ule wa fundi cherehani anayeuliza kama mikono iwe mirefu au mifupi. Wimbo wa kuliza ulikuwa mwepesi kwake: beti chache za masimango, mtu atokwe na machozi ukumbini, arudi kwake alale, na asubuhi maisha yaendelee. Wimbo wa kukosesha usingizi ndio uliokuwa kazi. Huo aliutia Jahanamu.

Tulimwita Mtungaji. Jina alilopewa na wazazi wake silitaji, na hata ningelitaja, nusu ya Mji wa Kale wangeuliza ni nani huyo. Mimi nauza kanga Biashara Street, katika duka aliloniachia marehemu baba, na kanga isiyo na jina zuri haiuziki hata iwe na rangi za peponi. Majina mengi tuliyoyauza yalitoka kinywani mwake. Alikuja asubuhi, kanzu imepigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa kahawa yake bila haraka, akatamka maneno mawili matatu. Sisi tukayapeleka kwa wachapaji, na baada ya miezi ulikuwa ukiyaona yametandwa vichwani na kufungwa viunoni kutoka Kibokoni mpaka ng'ambo ya Likoni.

Kwa asiyejua ada zetu, nieleze kidogo. Katika sherehe ya wanawake harusini, wimbo si wa kuchezea tu. Mwenye donge lake huagiza wimbo kwa mtungaji, akampa mwimbaji, na ukifika ubeti wenyewe yeye huinuka kwenda kumtuza mwimbaji. Hapiti njia fupi. Huzunguka ukumbi kwa madaha mpaka akasimama mbele ya mbaya wake, na hapo ndipo hucheza. Hatajwi mtu kwa jina, lakini ukumbi mzima washajua, na aliyekusudiwa hujua kabla ya wote. Ndugu wa tumbo moja wameacha kuamkiana kwa sababu ya mistari minne.

Mizani aliihesabu kwa vifundo vya vidole. Alipita Ndia Kuu midomo yamchezacheza, kidole gumba kikitembea juu ya vifundo, na watu wakadhani yumo katika uradi wake. Wazee walimpisha. Kulikuwa na bawabu mmoja wa bara, Mkristo, aliyekuwa akimvulia kofia kila akimwona, kwa heshima ya mtu wa sala. Siku moja nilimuuliza alikuwa akisoma nini.

"Nalikuwa natafuta kina cha hasidi," akanijibu.

Maneno ya motoni aliyajua barabara, na aliyapata mahali halali kabisa. Darasa za Ramadhani hazikumpita. Alikaa mbele, ametega masikio, na shekhe alimpenda kwa usikivu huo. Shekhe alipoeleza habari za zakumu, ule mti wa motoni ambao matunda yake huchemka ndani ya matumbo, Mtungaji alilia mpaka kanzu ikalowa. Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zilipoanza, zakumu ilikuwa ukumbini, imeota katika tumbo la mke mwenza wa mtu.

Msiniambie alikuwa mnafiki. Wanafiki nawajua, nimewauzia kanga maisha yangu yote. Machozi yale yalikuwa ya kweli na wimbo ulikuwa wa kweli. Alimwogopa Mungu kuliko wengi waliomsema, kisha akarudi nyumbani akakalia kiti cha Mungu, akagawa watu: huyu peponi, huyu motoni. Sijapata kumwona mtu aliyeweza kufanya yote mawili siku moja bila kujikwaa.

Na mapenzi aliyaandika hivyo hivyo. Mpenzi alikuwa kibla, kitanda kilikuwa Firdausi, kuachwa kulikuwa kaburi linalobana mbavu. Nilimtania: "Ami, wewe huna neno la mapenzi lisilokuwa la dini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Na dini ina neno gani, mwanangu? Ama ni la mapenzi, ama ni la ghadhabu. La tatu silijui."

Alipenda kusema kwamba chuki yaja yenyewe na vina vyake, huna haja ya kuitafuta. "Mapenzi ndiyo kazi. Mapenzi wayangojea kama mgeni wa heshima, wapika, watandika, na pengine asije." Lakini yeye mwenyewe hakuwa na adui hata mmoja niliyemjua. Aligombana na muuza samaki juu ya changu aliyeoza, kesho yake akamwombea dua mtoto wa yule yule muuza samaki. Chuki ilikuwa ya wateja. Yeye aliwashonea tu.

Aliyemchuja alikuwa mkewe. Mungu hakuwajaalia watoto, na kwa hivyo walipendana kama watu wawili waliobaki kisiwani. Hakula mpaka ale naye. Alimwita Bibi, hata mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa rika lake walilionea haya. Kwa kuwa wateja walikuwa wanawake, na haikufaa wakae naye peke yao, Bibi alikuwapo kila mara, amekaa mkekani akitunga vikuba vya asumini, na masikio yote yako kwenye maneno. Mtungaji akimaliza kuusoma ubeti, Bibi alisema bila kuinua macho:

"Hapo punguza. Huyo naye ni mtoto wa watu."

Naye alipunguza. Alinung'unika, akasema amemharibia, lakini alipunguza. Ndiyo maana kwa miaka mingi nyimbo zake ziliuma bila kuua.

Kisha Bibi akaenda Lamu kwenye msiba wa dadake, akakaa huko mpaka shughuli zote zikaisha. Wakati huo ndipo alipokuja mwanamke mmoja kutoka Ganjoni, amefuatana na shangazi yake. Mumewe alikuwa amechukuliwa na shoga yake mwenyewe, aliyekuwa akila naye sahani moja. Mtungaji akamuuliza swali lake la siku zote.

"Nataka hata akifa asipumzike," yule mwanamke akasema.

Mtungaji mwenyewe alinisimulia kwamba hakuinuka alipokaa mpaka wimbo ukaisha. Ulikuwa na beti nyingi, lakini uliokuja kujulikana na kila mwenye masikio ni huu:

*Pepo kwako ni haramu,*
*moto ndio wako mji;*
*hata unywe Zamzamu,*
*kooni hayendi maji.*

Nami ni mtu wa maneno, hiyo ndiyo biashara yangu, na nilipousikia mara ya kwanza nywele zilinisimama. Kumwambia Mwislamu kwamba hata maji ya Zamzamu, maji ambayo watu huyabeba kutoka Makka kwa vikopo vidogo ili wagonjwa na wanaokata roho wapate tone, hata hayo koo litayakataa! Hakuna pa kukimbilia baada ya hapo. Yule aliyekusudiwa aliondoka ukumbini bila viatu. Tukasikia amehamia Tanga kwa jamaa zake, na habari zake zikaishia hapo.

Wimbo haukuishia. Uliimbwa harusi baada ya harusi, ukaingia redioni, ukaingia kwenye simu, ukawa mlio wa simu. Watoto wa chuo cha Qurani waliuimba wakiruka kamba. Bibi aliporudi kutoka Lamu aliukuta kwa jirani, ukitoka dirishani. Alisimama chini akausikiliza mpaka mwisho, begi liko mkononi.

"Huu ni wako?" akamuuliza mumewe alipopanda juu.

"Ni wangu."

"Ningalikuwapo usingalitoka," akasema, akaenda kukoka moto wa chakula. Hakuutaja tena.

Bila shaka sisi wa Biashara Street tuliutaka. Kanga ikachapishwa, nyekundu na nyeusi, jina lake *Pepo kwako ni haramu*, na iliuzika kama tambi za Ramadhani. Ilikuwa desturi kumpa Mtungaji doti moja ya kila kanga iliyobeba maneno yake, ampelekee mkewe. Hiyo Bibi aliipokea, akaikunja, akaitia chini kabisa ya kabati. Hakuna aliyemwona ameivaa.

Bibi akafa. Aliugua kidogo tu, kifua, na alfajiri moja tukaitwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake walioingia ndani kusaidia kumwosha. Wakati wa kuosha maiti hushikwa kanga juu yake, pembe nne, ili asitirike, na maji hupitishwa chini yake. Mwosha alikuwa mama mtu mzima sana, hodari wa kazi yake. Qurani aliisoma bila kukosea irabu, lakini herufi za kizungu hakupata kujifunza. Alitaka kanga mpya, safi, isiyovaliwa. Akatuma mtu kabatini, na kanga mpya kuliko zote ilikuwa ile isiyowahi kufunguliwa.

Tuliikunjua, tukaivuta pembe nne, na maandishi yakawa upande wangu. Kanga za jina lile nilikuwa nimeziuza mwenyewe, kwa mikono hii. Sikuwa na la kufanya. Ningeiachia, Bibi angebaki uchi mbele ya watu. Ningesema, ningemfedhehesha mwosha na kumfanyia kelele maiti. Nikashika, na maji yakamwagwa, na nikayasoma maneno yale mpaka kazi ikaisha.

Nilidhani ningeificha baadaye. Lakini watu wa msiba hawana subira. Kabla sijatoka mtu alikwisha kuifua na kuianika uani. Mtungaji aliporudi kutoka makaburini, alipita uani kuingia ndani, akaiona. Akasimama. Aliitazama kanga yote pale kambani, kisha akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni na uso wangu haukuweza kusema uongo.

"Ndiyo mliyomshikia?"

"Ndiyo, Ami."

"Maneno yalikuwa upande gani? Yalimwelekea yeye?"

"Yalitutazama sisi. Yeye hakuyaona."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akakaa chini pale pale uani, wanaume wakaja kumshika.

Baada ya arobaini alikwenda kwa shekhe. Sikuwapo, lakini alinieleza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuapa nilikuwapo. Shekhe alimwambia kwamba maneno ni kama kisima: ukichimba cha maji matamu, kila mtu anywapo wewe wapata fungu lako la thawabu hata ukiwa kaburini, na ukichimba cha sumu, ni vivyo hivyo. Mtungaji akamuuliza atakifukiaje. Shekhe akasema aombe toba, aache, aondoe alichokieneza kadiri ya uwezo wake, na ajute kwa moyo. Tangu siku hiyo hakutunga tena. Alitaka jambo moja tu: wimbo ule ufe kabla yake, asije akalala mchangani na huku juu watu wanaendelea kumwandikia dhambi.

Alianza na waimbaji. Aliwafuata majumbani mwao, mzee mzima, akawaomba kwa jina la Mungu wasiuimbe. Waliitikia kwa adabu, wakamkaribisha chai, na harusi ya Jumamosi wakauimba. Akawatungia wimbo wa kuutengua, wa mwisho kutoka kwake, unaofungua milango ya pepo mmoja mmoja kwa aliyefungiwa. Nimeusoma. Ulikuwa mzuri. Mwimbaji mmoja mashuhuri aliusoma pia, akamrudishia karatasi yake.

"Mzuri, Mtungaji, Mungu akupe kheri. Lakini ntamwimbia nani? Harusini hakuna anayetuza msamaha."

Kisha akaja kwangu. Akauliza zimebaki doti ngapi, nikampa zote, na sikutaka kitu chake ingawa alinilazimisha. Akatoka akaingia duka la pili, na la tatu, akaifuata Biashara Street mlango kwa mlango kama mtoza zaka. Mkokoteni ulizibeba mpaka kwake. Hakuweza kuwapa maskini, wangezivaa. Hakuweza kuzichoma, zilikuwa mali, na kuharibu mali ni israfu, dhambi nyingine. Akazipanga chumbani kwake mpaka karibu na dari.

Sasa, wafanyabiashara wa kwetu hawasomi jina la kanga. Wasoma rafu iliyo tupu. Mwenye ghala la jumla alipoona mtaa mzima umekaukiwa na kanga moja ndani ya siku chache, alipiga simu kwa wachapaji hapo hapo. Nilikwenda kumkataza.

"Bibi wee," akaniambia, "mali yatoka mbio hivi, nami niizuie?"

Zikaja mpya, za rangi tatu. Ilikuwamo na ya kijani. Mimi sikuziingiza dukani, na wateja waliokuja kuziuliza walivuka barabara wakazipata kwa jirani. Nilipomwambia Mtungaji, aliinuka kwenye kiti cha wateja, akaiacha kahawa yake, akarudi kwake.

Alipata faraja mara moja tu. Kanisa moja Ganjoni lilikuwa limeuchukua mdundo wa wimbo, likatia maneno ya upendo wa Mungu, na yule bawabu wa bara ndiye aliyemwarifu. Jumapili Mtungaji akaenda akasimama nje ya ua, na kofia yake na kanzu yake, akawasikiliza Wakristo wakipiga makofi. Aliniambia moyo ulimtulia, akasema hawa angalau wamekifukia kidogo kile kisima chake. Pale langoni palikuwa na tuktuk inangoja abiria. Dereva aliposikia mdundo, akaanza kuimba yale maneno ya zamani kwa sauti yake yote, akipigia usukani. Sikucheka aliponieleza, ingawa kidogo nilitaka.

Mwaka jana miguu ilimvimba, akawa hashuki tena ngazi. Mpwa wa Bibi alikuwa akimwangalia. Nilikwenda asubuhi moja na mkate wa mofa na mchuzi, nikamkuta amelala kitandani pake, na kanga zile zimemzunguka ukutani kote. Alikuwa amekonda. Alikuwa akiingoja siku yake na hakuficha, na aliogopa, na nilishindwa kuvumilia kumwona mtu mwema akiogopa namna ile. Nikaamua kumdanganya. Mungu anisamehe, nilidhani ni sadaka.

"Ami, nimekuletea habari njema. Ule wimbo umekufa."

Akageuza kichwa.

"Mfunguo mosi huu nimekwenda harusi zote, sikuusikia hata mahali pamoja. Wasichana wa sasa wana nyimbo zao. Na kanga hazichapwi tena."

Nilingoja aseme alhamdulillahi.

"Hata beti ya Zamzamu hawaijui?"

"Hawaijui, Ami."

"Hata wazee?"

"Imesahauliwa."

Uso ulimwanguka. Alifumba macho, na midomo ikaanza kwenda. Nilidhani asoma istighfari, nikainama kumsikiliza. Alikuwa akiusoma wimbo. Aliusoma wote, beti baada ya beti, hata zile ambazo waimbaji walikuwa wakiziruka, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima wa afya. Alipofika kwenye Zamzamu aliisoma pole pole, akaisoma tena. Kisha akasikia anachofanya, akaacha.

"Waona?" akaniambia.

"Nini, Ami?"

"Shekhe alisema nijute. Nimenunua makanga, nimewalilia waimbaji, nimesimama nje ya kanisa. Kujuta sijajuta, mwanangu. Waniambia imekufa, naona kama nimefiwa na mwana. Zote nilizotunga Bibi alizipunguza. Hino peke yake haikupunguzwa, na ndiyo nzuri kuliko zote. Yeye alishikiwa ile kanga nikaiona kwa mato yangu, na bado beti naipenda. Ntamwambiaje Mola wangu nimeichukia, na Yeye yuajua?"

"Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema."

"Rehema ni yake, sina shaka nayo. Majuto ndiyo niliyotakiwa kuleta mimi. Sinayo."

Sikuweza kumwacha na uongo wangu juu ya hayo yote, nikamwambia kweli: kwamba nimemdanganya, kwamba wimbo waimbwa, kwamba asubuhi ile ile nikija kwake nimeusikia madirisha mawili.

Uso wake ukang'aa. Ulikuwa mng'ao mdogo tu, wa mzee anayeambiwa mwanawe yu mzima, lakini niliuona, na alijua nimeuona. Akavuta shuka akajifunika mpaka kichwani, akaniomba nitoke.